Mitungi Iliyovaa Sketi

Ukoo wa marehemu baba yangu hauna kisukari wala presha. Una ugonjwa wa kuonyesha. Sebuleni kwetu kuna kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna mdomo uliowahi kuvigusa, na kochi ambalo mpaka leo limevaa nailoni ya dukani, ukilikalia linalia kama bata. Mgeni akija anaonyeshwa vikombe vizuri, halafu analetewa chai kwenye kikombe cha plastiki. Ndivyo walivyolelewa. Kwa ukoo huu, ukiwa na kitu na watu hawakioni, huna kitu.

Mama yangu aliolewa tu humo, kwa hiyo ugonjwa haukumwingia. Yeye ni fundi cherehani na hulka yake ni kufunika. Redio ina kitambaa chake, chupa ya chai ina kofia, na cherehani yenyewe kazi ikiisha inavishwa gauni kama bibi harusi. Baba alipofariki, nyumba ilibaki mikononi mwa shangazi, dada mkubwa wa ukoo, anayeishi kwake mbali lakini anaitawala yetu kwa simu. Mimi na mama tulibaki na chumba kimoja cha kulala, na ruhusa ya kutumia chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara. Hapo ndipo mama anashona sare za shule. Kitambaa cha sare ni bluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, na uzi wake ni bluu vilevile. Mshono wa namna hiyo huuoni kwa taa ya darini, hata uwe na macho ya mwewe. Unahitaji mwanga wa mchana. Lile dirisha ndiyo kazi yenyewe.

Basi baba mdogo akarudi nyumbani "kwa muda", muda ambao mpaka leo haujaisha. Anauza vigae na mabomba ya bafuni. Kazi yake ni kusimama nyuma ya kaunta na kuwatajia watu bei, lakini kwa vile mabomba yana vipimo, anajiita Mhandisi. Ukimwita jina lake la kuzaliwa anageuka taratibu sana, kama daktari aliyeitwa na mgonjwa asiye na miadi.

Jumamosi moja akaingia na mzigo: mitungi mirefu ya plastiki, ile ya kuwekea peremende madukani, inayoonyesha ndani kama kioo, pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki, mipira myembamba, chupa za virutubisho, na taa ndefu ndani ya boksi lake. Akaipanga mitungi dirishani. Cherehani ya mama akaisogeza kwa goti.

"Shemeji, nipishe kidogo. Sayansi inaingia."

"Inaingia na viatu?" mama akamuuliza, maana alikuwa ametoka kupiga deki.

"Hii inaitwa haidroponiki," akasema, na neno lenyewe alilivuta kama anakula tambi. "Mmea unakaa majini. Chakula chake kinakorogwa humo humo majini. Udongo wa nini? Udongo ni uchafu tuliouzoea."

"Baba mdogo," nikasema, "si tuliumbwa kwa udongo sisi?"

"Wewe ndiyo. Mimi nimeboreshwa."

Tumpe haki yake, ingawa inanichoma: alianza vizuri. Kila kifuniko cha mtungi alikitoboa, akakalisha kwenye tundu kikombe kidogo chenye kokoto, na ndani ya kokoto akapanda mche wa letusi. Mizizi ikaning'inia majini, pampu ikapuliza mapovu, blu-blu-blu, mchana kutwa. Majani yakatoka laini, ya kijani kibichi, yamejikunja pembeni kama lesi. Hata mama aliyatazama, halafu akajifanya alikuwa anatazama barabara.

Mtu mwingine angeridhika na majani. Baba mdogo alitaka mizizi. Ndiyo maana alikwepa ndoo za kawaida akachagua mitungi ya kuonyesha: mgeni aone mpaka chini. Na mgeni asipoona vizuri, yeye anafungua kifuniko, anaunyanyua mmea mzima juu, maji yanachuruzika kwenye sare za watu.

"Tazama mizizi hiyo! Nyeupe kama meno ya mtoto!"

"Mimi nimekuja kusoma mita ya maji," akasema msoma mita.

"Soma hii kwanza."

Letusi zile zilitolewa majini mara nyingi kuliko nguo za mtoto anayejikojolea. Mizizi ikimaliza kuonyeshwa, inafuata taa. Anaitoa kwenye boksi, anaiwasha, chumba kizima kinageuka zambarau, sisi wote tunafanana na wagonjwa.

"Hili ni jua lililostaarabika," anasema. "Halichomi, halizami, halijifichi mawinguni. Ukiwa na hii taa unalima hata ndani ya kabati." Kisha anaizima, anaifuta vumbi, anairudisha kwenye boksi. Jua lisilostaarabika, la bure, la dirishani kwa mama, linaendelea na kazi.

Habari zikamfikia shangazi. Akapiga simu, na baba mdogo akaweka sauti ya nje ili na sisi tufaidi.

"Nasikia umeleta kilimo cha kisasa ndani ya nyumba ya baba yetu."

"Dada, huu ni mwanzo tu! Nikipata chumba chote cha mbele, naweka mabomba ukuta mpaka ukuta, letusi, spinachi, nyanya. Watu watasimama barabarani kutazama."

Watu watasimama barabarani. Neno hilo lilimwingia shangazi moja kwa moja kwenye damu. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Nitakuja mwisho wa mwezi nione kwa macho yangu," akasema. "Mimea ikiwa na afya, chumba chako. Wifi atahamia stoo. Cherehani haichagui pa kukaa."

Simu ikakatika. Stoo yetu iko nyuma ya jiko: haina dirisha, ina baiskeli isiyo na gurudumu na ndoo isiyo na kitako.

"Haichagui," mama akarudia polepole, huku anaingiza uzi kwenye sindano. "Na macho, je?"

Baba mdogo alikuwa ameshatoka kumtafuta mtu wa kumwonyesha mizizi.

Sasa, hapo hapo tulipodhani tumekwisha, maji yakaanza kugeuka rangi. Kwanza yakawa kama chai ya mnanaa. Baadaye yakawa kama dimbwi ambalo vyura wameshalipia kodi. Kwenye kuta za mitungi kukaota utelezi wa kijani.

"Baba mdogo, maji yako yameharibika."

"Wewe ulifeli baiolojia. Mmea wenye afya una rangi gani?"

"Kijani."

"Na maji yana rangi gani?"

"Kijani."

"Sasa?" Akafungua mikono kama wakili aliyemaliza kesi. "Afya imezidi mpaka imemwagikia majini."

Kweli nilifeli baiolojia, lakini si kwa kiwango hicho. Ila mtu ameniambia nilifeli. Ya nini nimwokoe? Akaongeza virutubisho, maana kitu kikinawiri kinaongezewa chakula. Na kilichonawiri ni ule utelezi. Ulikuwa umepewa nyumba ya kioo, jua la dirishani na chakula cha chupa. Ni mgeni gani angeondoka hapo? Ukala ukashiba, ukavuta hewa yote, na letusi zikabaki kuomboleza juu ya vifuniko. Majani yakawa ya njano, yakalala. Mizizi ikawa ya kahawia, inateleza, kama tambi zilizosahauliwa kwenye sufuria.

Baba mdogo aliendelea kuinyanyua kwa wageni, lakini maneno yalikuwa yanapungua. Siku za mwisho alikuwa anainyanyua, anaitazama, anairudisha.

"Zinabadilisha msimu," alisema mara moja.

Na harufu nayo ikaja. Mteja wa mama, mwanamke mmoja mwenye mapacha wanaokua kama wanashindana, alikuja nao kujaribisha sare. Alisimama mlangoni, pua ikamcheza.

"Fundi, humu kuna nini kimekufa?"

"Bado hakijafa, dada," nikamjibu. "Kinajitahidi."

Mwanamke aliwajaribisha wanawe sare nje, kwenye ngazi, mbele ya watu. Mteja alipoondoka, mama akauchukua mtungi uliokuwa karibu na cherehani yake, uliooza kuliko yote, akaupeleka bombani. Akamwaga yale maji ya vyura, akasugua kuta kwa brashi, akaisuuza ile mizizi taratibu kama anavyosafisha lesi ya mtu, akajaza maji mapya na virutubisho kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Nia yake haikuwa kutibu kitu. Alitaka tu asikione tena, na mama havishi chombo kichafu kitambaa kisafi. Kisha akachukua mabaki ya bitana nyeusi na kuushonea mtungi sketi. Ndefu mpaka chini, mpira kiunoni, na marinda, kwa sababu mama hawezi kushona sketi bila marinda hata kama anayevaa ni mtungi.

Baba mdogo alipoiona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji! Umeuvalisha mtungi sketi?"

"Nao una aibu zake."

"Huo umeshakufa, shemeji. Hiyo ni sanda."

Akaenda kazini anacheka peke yake njiani, nilimwona dirishani.

Haikuchukua muda mrefu. Asubuhi moja nilikuwa nafagia chini ya cherehani nikaona jani. Lilikuwa limesimama, la kijani kibichi, kama mtu aliyetoka kuoga. Nikaangalia mitungi mingine: njano, imelala. Nikapiga goti, nikaufunua ule mtungi sketi, nikauomba radhi. Maji meupe. Na katikati ya mizizi ya zamani ilikuwa inashuka mipya, myembamba, safi. Hapo ndipo akili yangu iliyofeli baiolojia ilipoamka. Giza! Utelezi haukuwa na jua la kula. Mizizi haikutaka kuonyeshwa. Baba mdogo alikuwa anaiua kwa kuipenda mbele za watu.

Nikafunga mlango.

"Mama, usiseme kitu. Nyamaza tu. Shangazi atakuja, hii mingine itakuwa imeoza, ataziba pua, mchezo umekwisha."

Mama alikuwa anapindisha ukosi, hakuinua kichwa. "Na huu wangu?"

"Tunauficha chini ya kitanda."

"Shangazi yako akute mitungi ya mdogo wake imekufa yote, halafu ule wa mjane wa kaka yake, ulio chini ya kitanda, umenawiri. Atasema nini?"

Nikafikiri. Sikuhitaji kufikiri sana, shangazi namjua.

"Atasema umeroga."

"Atasema nimeroga. Na hilo dirisha nitalikalia kwa uso gani?" Akakata uzi kwa meno. "Kama ni kuhama, nihame na jina langu. Niletee hiyo bitana."

Nilimletea, lakini nilimletea kwa kuikokota, ajue. Alikuwa anamshonea adui silaha, tena na marinda.

Jioni baba mdogo alipotoka kazini, mama akamwonyesha mtungi wake na kumweleza. Baba mdogo alichungulia ndani ya sketi. Akachungulia tena. Kisha akaleta hoja ambayo, katika mitungi yote na maji yote yale, ndiyo pekee iliyomuuma.

"Sasa mizizi wataionaje?"

"Hawataiona."

"Shemeji! Mizizi ndiyo yenyewe! Majani hata huko mtaroni yapo!"

"Basi chagua. Waone mizizi iliyooza, au wasione mizizi mizima."

Kwa ukoo ule, hilo ni swali gumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufeli. Alizunguka chumba. Alifungua kifuniko kimoja, akanusa, macho yakamtoka machozi, sijui ya harufu au ya uchungu. Mwishowe akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Ipime viuno," akasema kinyonge.

Wakaosha mitungi yote pamoja, na mama akaivika. Kwa siku moja baba mdogo alikuwa mtu wa kuhurumiwa. Siku ya pili, mizizi ilipoanza kuchipua, nikamsikia akimwambia mwenzake wa kaunta kwenye simu: "Mfumo wa Giza la Mizizi. Ndiyo. Nimeugundua mwenyewe. Nyumbani. Hapana, sitaki kujisifu."

Shangazi akaja. Alikaa kwenye kochi la nailoni, kochi likalia, na mkoba wake akaukalisha kwenye kiti chake peke yake.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, Mdomo." Ndivyo anavyoniita. "Bado unasema sana?"

"Napunguza, shangazi."

Tukaingia chumba cha mbele. Letusi zilikuwa zimefura, majani yamejaa juu ya sketi nyeusi kama kwaya iliyojipanga. Shangazi alishika jani kwa vidole viwili, akalisugua, akalinusa. Uso wake ulilainika. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mama. Alikuwa amesimama pembeni, futi kamba shingoni, na pembeni yake niliona kopo la vifungo limeshafungwa kamba, na mikasi imeviringishwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameshafungasha.

Baba mdogo akaanza mhadhara. Giza la mizizi. Hewa ya pampu. Virutubisho kwa kipimo. Akafungua boksi, akawasha taa, tukawa zambarau wote, na shangazi pia, jambo lililonipa nguvu.

"Na hili, dada, ni jua lililostaarabika. Mimi jua la nje silihitaji kabisa."

"Kabisa, baba mdogo?" nikauliza, kwa sauti ile ninayotumia kuomba nauli.

"Kabisa! Hilo ni la watu wa udongo."

"Kwa hiyo hata mawingu yakikaa wiki nzima?"

"Hata mwaka!"

"Hata chumba kikiwa hakina dirisha?"

"Mwanangu, nikikwambia hata ndani ya kabati! Hata chini ya kitanda! Sayansi haichagui pa kukaa!"

Pampu tu, blu-blu-blu. Mama aliinua macho akanitazama, na pembe ya mdomo wake ikacheza kidogo.

"Hebu ngoja," shangazi akasema. "Mizizi inataka giza."

"Ndiyo, dada."

"Na majani yana taa."

"Ndiyo, lakini—"

"Wifi, wewe na hiyo cherehani yako, mnahitaji jua?"

"Tunahitaji, wifi," mama akasema. "Nashona uzi wa bluu juu ya bluu. Bila dirisha nashona kwa kubahatisha, na watoto wa watu hawavai bahati."

"Lakini dada!" baba mdogo akapaza sauti, ya mtoto kabisa. "Stoo nani ataona?"

Hapo roho yangu ikashuka mpaka kwenye visigino. Maana shangazi naye ni mgonjwa. Nilimwona anageukia dirisha, anatazama barabara, anawahesabu watu ambao hawajasimama bado. Ugonjwa ulikuwa unampanda. Sekunde moja zaidi na tungehamia kwenye baiskeli isiyo na gurudumu.

"Shangazi," nikasema, "naomba kuuliza la mwisho halafu nifunge mdomo."

"Hutafunga. Uliza."

"Mtu akipita barabarani akatazama humu, ataona nini?"

"Letusi!" baba mdogo akadakia.

"Letusi ziko juu. Kutoka barabarani, kule chini, ataona vitambaa vyeusi vimepangwa dirishani, mstari mzima. Si atadhani tuna msiba?"

Shangazi akaganda.

"Wataanza kuingia kutoa pole," nikaendelea taratibu. "Watakaa kwenye kochi. Watataka chai wote, na vikombe vya plastiki havitatosha. Tutalazimika kuwapa vile vikombe vya kabatini."

"Stoo," shangazi akasema.

"Dada—"

"Stoo! Leo leo! Nyumba ya baba yangu haitavaa nyeusi dirishani kwa ajili ya majani!"

Kwa hiyo nani alishinda? Si haki, si macho ya mama, si heshima ya mjane. Ulishinda ugonjwa wa ukoo, ila safari hii uliugua upande wetu. Nimeukubali ushindi hivyo hivyo. Mama alikata kamba ya kopo la vifungo kabla mtungi wa kwanza haujatoka mlangoni.

Stooni baiskeli ikatoka, mitungi ikaingia, na taa hatimaye ikatoka kwenye boksi moja kwa moja. Na letusi zikastawi kupita mwanzo, kwa sababu sasa hakuna mtu wa kuzinyanyua kwa wageni. Wageni hawaingii stoo. Tunazila. Baba mdogo aliponiuliza ladha nilisema ni maji yaliyokwenda shule. Nikaongeza sahani ya pili, lakini hilo halimhusu.

Ila baba mdogo alikuwa anakonda. Mimea mizima, mingi, na hakuna wa kuitazama: kwake huo ulikuwa ukame. Mpaka Jumamosi iliyopita, akaja na kipande cha kioo kutoka kazini. Akakata mraba kwenye mlango wa stoo, akakipachika vizuri, akakifuta. Sasa kila anayepita hapo kwenda chooni ataona ndani, zambarau tupu, letusi zimejipanga. Akarudi nyuma, akashika kiuno, akapumua kama mtu aliyerudishiwa afya.

Mama akapita na beseni la nguo. Akasimama. Akakitazama kile kioo, akaweka beseni chini, akatoa futi kamba shingoni.

"Shemeji," baba mdogo akauliza kwa wasiwasi, "unafanya nini?"

"Sentimita chache tu, usijali," mama akasema. "Napima pazia."